Kambove Iliyo Kwenye Rafu

Kila mwaka wa masomo unapofunguliwa, Lubumbashi hupokea vijana kutoka pembe zote za Haut-Katanga: wa Likasi, wa Kipushi, wa Kasenga, wa Sakania, na wa Kambove, mji wa shaba ulio karibu kilomita 150 kaskazini-magharibi mwa jiji. Wachache wao huandikishwa jiografia. Kijana wa Kambove anapoingia Kasapa, kwenye kampasi ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi, tayari anajua mambo ambayo hakuna mhadhiri atakayemfundisha. Anajua udongo unavyobadilika rangi kutoka mtaa hadi mtaa, anajua kilima kipi hakioti miti, anajua nani alihama mishahara ya machimboni ilipokatika na nani alirudi bei ya kobalti ilipopanda. Asichokijua, kwa kuwa hakuna aliyemwambia, ni kwamba watu wamekuwa wakiandika juu ya mahali pake kwa zaidi ya miaka 130, na kwamba maandishi hayo yanatafutika.

Natetea jambo moja tu katika makala haya. Muhula wa kwanza wa mwanafunzi wa jiografia utumike kumfundisha kutafuta: kutafuta maktabani, kwa saa zilizopangwa kwenye ratiba, kwa alama zinazohesabiwa, chini ya mkutubi anayetambuliwa kuwa ni mwalimu. Na kazi ya kwanza atakayopewa iwe kutafuta kila kilichoandikwa kuhusu mahali alikozaliwa.

Leo mambo hayaendi hivyo. Vyuo vyetu vimemzoesha mwanafunzi kitini, au silabusi kama kinavyoitwa Lubumbashi: mihadhara ya mwalimu iliyopigwa chapa na kurudufiwa, mwanafunzi anainunua, anaisoma usiku wa kuamkia mtihani, anairudisha kwenye karatasi jinsi alivyoipokea. Sikitukani kitini. Mahali penye vitabu vichache na wanafunzi wengi kimewavusha watu vizazi na vizazi, na walimu wengi wamekiandika kwa jasho lao. Ubaya wake ni kwamba kinamzoesha kijana kudhani kuwa elimu hutoka kwa mtu mmoja, kwa lugha moja, na imekwisha. Halafu mwaka wa mwisho anaambiwa aandike kazi yake mwenyewe yenye mapitio ya maandishi yaliyotangulia, na ndipo kwa mara ya kwanza anauliza maktaba iko wapi.

Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 vyuo vikuu vya Kongo vimeingia katika mfumo wa LMD (licence, master, doctorat), unaohesabu krediti, na ndani ya krediti hizo zimo saa ambazo mwanafunzi anatakiwa kujisomea mwenyewe. Hilo ni jema. Lakini kujisomea nini, ikiwa hajui kufungua katalogi? Saa hizo zimeandikwa kwenye karatasi za mpango wa masomo, na mwanafunzi anazipitisha kwenye foleni ya kurudufisha kitini kilekile.

Ninasema juu ya wanajiografia hasa kwa sababu somo lao ndilo linalotawanyika kuliko yote. Mwanafunzi wa sheria ana rafu yake, anajua pa kwenda. Wa jiografia hana. Kambove inatosha kuonyesha hivyo.

Mwaka 1892 mwanajiolojia Mbelgiji Jules Cornet, akiwa katika msafara wa Bia na Francqui uliozunguka Katanga kati ya 1891 na 1893, alifika kwenye machimbo ya Kambove na kuandika alichokiona. Alikuta mashimo. Waafrika walikwisha kuchimba malakiti na kuiyeyusha kuwa shaba muda mrefu kabla yake, na ufundi huo ulielezwa baadaye na Jean-Félix de Hemptinne, mkuu wa misheni ya Wabenedikto wa Katanga, katika makala ya mwaka 1926 kuhusu wafua shaba. Baada ya Cornet wakaja watafuta madini wa Tanganyika Concessions, kampuni ya Robert Williams, wakiongozwa na George Grey. Mwaka 1906 ikaundwa Union Minière du Haut-Katanga. Reli iliyotoka kusini ikafika Élisabethville mwaka 1910 na Kambove mwaka 1913. Kampuni ikatawala mpaka ilipotaifishwa mwanzoni mwa 1967 na kuzaa ile tuliyokuja kuiita Gécamines. Kila hatua niliyoitaja imeacha ripoti, ramani, mahesabu, barua, picha, na baadaye vitabu vya watu waliozisoma ripoti hizo. Kijana wa Kambove ana urithi mkubwa wa karatasi, na anamaliza shule ya sekondari bila kuonyeshwa hata moja.

Sasa tumfuate hadi kwenye meza ya maktaba.

"Mama, natafuta kitabu ya Kambove."

"Kambove ya nini, mwanangu? Ya machimbo, ya mji, ama ya teritori nzima?"

Swali hilo la mkutubi ni somo zima. Machimbo ya Kambove ni kitu kimoja, mji uliokua kando yake ni kingine, na teritori ya Kambove ni eneo kubwa linaloizunguka Likasi na kuingiza ndani yake hata Shinkolobwe, pale ambapo Robert Rich Sharp aligundua urani mwaka 1915 na ambapo Wamarekani walipata sehemu kubwa ya urani ya mabomu yao ya kwanza ya atomiki. Mwanafunzi asiyelijibu swali hilo atarudi na kitabu kuhusu Shinkolobwe akidhani amesoma habari za mji wao. Mkutubi mzuri atamrudisha nyuma mpaka "kitabu ya Kambove" igeuke kuwa ombi linalojibika, kwa mfano: reli ilipofika mwaka 1913, wafanyakazi walitoka wapi na waliwekwa wapi? Hapo pana mwaka, pana watu, pana mahali, na kila kimoja kinaweza kutafutwa.

Baada ya swali, majina. Hapa ndipo vijana wengi wanapokwama, na hapa ningetumia wiki mbili nzima za muhula. Nchi hii imebadilisha majina yake mara nyingi kiasi kwamba anayetafuta kwa jina la leo peke yake hupata maandishi ya juzi peke yake. Likasi iliitwa Jadotville, na Lubumbashi Élisabethville, mpaka 1966. Katanga iliitwa Shaba tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 hadi 1997. Nchi yenyewe ilikuwa Dola Huru la Kongo hadi 1908, Kongo ya Wabelgiji hadi 1960, Zaire kutoka 1971 hadi 1997. Ukiandika "Haut-Katanga" kwenye katalogi ya kompyuta utaletewa rundo la vitabu kuhusu kampuni ya Union Minière, iliyobeba jina hilo tangu 1906, ilhali mkoa wenye jina hilo umezaliwa mwaka 2015 Katanga ilipogawanywa. Ziwa Tshangalele, linalowalisha wavuvi wa teritori ya Kambove, limo katika vitabu vya zamani kama ziwa la bwawa la Lufira. Maporomoko ya Mwadingusha yalikuwa maporomoko ya Cornet, na kituo cha umeme kilichojengwa hapo kilikuwa kituo cha Francqui. Shinkolobwe wengine waliiandika Chinkolobwe.

Kwa hiyo ukurasa wa kwanza wa daftari la mwanafunzi wa jiografia Katanga uwe jedwali: jina, jina la zamani, tahajia nyingine, kuanzia mwaka gani hadi mwaka gani. Atalitumia mpaka siku ya kutetea tasnifu yake. Na asiishie kwenye jina la mji. Aongeze majina ya machimbo ya jirani, Kamoya na Kamfundwa, aongeze mto Lufira, aongeze majina ya kampuni. Maandishi mengi kuhusu Kambove hayana neno Kambove katika kichwa chake.

Kisha rafu. Maktaba zilizorithi utaratibu wa Kibelgiji hupanga vitabu kwa mfumo uitwao CDU, uliobuniwa Brussels na Paul Otlet na Henri La Fontaine mwishoni mwa karne ya 19. Nyingine hutumia ule wa Dewey, ambao ni baba yake. Katika CDU jiografia iko kwenye 91, na Kongo hutambulishwa kwa (675) ndani ya mabano. Mwanafunzi anafika kwenye 91, anakuta vitabu vichache, anahitimisha kwamba hakuna kitu. Lakini Kambove yake imetawanyika jengo zima. Miamba yake iko 55. Uchimbaji wake uko 622. Reli yake iko 656. Idadi ya watu wake iko 314. Mimea ya vilima vyake iko 58.

Hiyo mimea inastahili tusimame kidogo. Vile vilima visivyoota miti, ambavyo mtoto wa Kambove amevipita akienda shule, vina udongo wenye shaba nyingi kiasi cha kuizuia miti ya miombo, na juu yake huota majani na maua yaliyozoea sumu hiyo. Moja linaitwa Haumaniastrum katangense, na watafuta madini wamelifuata kama alama ya shaba iliyo chini. Mwaka 1958 Paul Duvigneaud alichapisha kazi kubwa juu ya mimea ya Katanga na udongo wake wenye madini, na baada yake François Malaisse, aliyefundisha Lubumbashi miaka mingi, akaendeleza. Hiyo ni jiografia tupu: mwamba, udongo, mmea, mtu. Imechapishwa katika jarida la chama cha wanabotania wa Ubelgiji, na hakuna mwanafunzi wa jiografia atakayeikuta kwa kusimama mbele ya 91.

Uchafuzi nao uko upande mwingine kabisa. Anayetaka kuandika juu ya vumbi la machimbo na maisha ya watu inampasa aingie kwenye 61, rafu ya tiba. Huko atakutana na utafiti uliochapishwa mwaka 2009 na Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Lubumbashi pamoja na wenzake wa Leuven, waliopima kobalti na metali nyingine katika mkojo wa wakazi wa maeneo ya machimbo ya Katanga na kuonyesha kwamba miili ya watu inabeba viwango vya juu mno. Mwandishi wake wa kwanza ni mtu wa Lubumbashi. Jarida liko nje ya nchi. Mwanafunzi hapaswi kulisikia hilo kwa bahati.

Akikipata kitabu kimoja kilicho kizuri, akianze kutoka nyuma. Asome kwanza orodha ya marejeleo na tanbihi, ndipo aingie sura ya kwanza. Kitabu cha Bruce Fetter cha mwaka 1976 kuhusu kuumbwa kwa Élisabethville, au cha John Higginson cha 1989 kuhusu wafanyakazi wa Union Minière, vitamwonyesha katika kurasa za mwisho ni hifadhi zipi zina barua, ni magazeti yapi yalikuwepo, ni majarida yapi yalichapishwa papa hapa mjini, kama taarifa za CEPSI, kituo cha utafiti wa jamii kilichoanzishwa Élisabethville mwaka 1946. Vitabu vyote viwili ni vya Kiingereza, na hilo lenyewe ni habari anayotakiwa kuipata mapema: Kambove imeandikwa kwa Kifaransa, kwa Kiingereza, kwa Kiholanzi, na mwanafunzi anayesubiri yote yaje kwa Kifaransa atabaki na nusu.

Tabia hiyo ya kufuata tanbihi inaponya pia ugonjwa wa kunakiliana. Ni tasnifu ngapi zinazofunguliwa kwa maneno yale maarufu ya kuiita Katanga kashfa ya kijiolojia, yakinasibishwa na Cornet, bila kitabu wala ukurasa? Mmoja aliandika, wa pili akamnakili wa kwanza, wa kumi hajui kama kuna wa kwanza. Ningempa mwanafunzi mpya kazi ya kuyasaka maneno hayo mpaka afike kwenye ukurasa, au arudi na orodha ya mahali alikotafuta. Vyote viwili vipewe alama sawa.

Ramani zinahitaji somo lake, kwa kuwa mwanajiografia asiyejua kuomba ramani ni kama fundi aliyeacha nyundo nyumbani. Comité Spécial du Katanga, kamati ya kikoloni iliyoundwa mwaka 1900, ilikuwa na idara yake ya jiografia na jiolojia chini ya Maurice Robert, na kuanzia 1929 ilitoa Atlasi ya Katanga kwa sehemu, mpaka miaka ya 1950. Ramani za kijiolojia zilichorwa kwa kipimo cha 1:200,000, yaani sentimita moja ni kilomita mbili, na zikakatwa kwa digrii za mraba. Hapo mwanafunzi ajue mahali pake kwa namba. Kambove iko juu kidogo ya latitudo 11 kusini, kati ya longitudo 26 na 27 mashariki. Lubumbashi imevuka 11 na imevuka 27. Anayeomba karatasi ya Lubumbashi akitarajia kuiona Kambove pembeni hataiona. Akiipata iliyo sahihi, asiikimbilie milima na mito. Asome kwanza pembe za chini: nani aliichora, mwaka gani, kutokana na vipimo vya lini, alama zake zina maana gani. Halafu ajiulize kimeachwa nini. Ramani za kampuni za madini zilionyesha kwa makini kile ambacho kampuni ilikitaka, na vijiji vilivyokuwa juu ya mwamba mara nyingi vilipata nukta moja au havikupata kitu.

Akitoka hapo achukue Atlasi ya Lubumbashi ya Jean-Claude Bruneau na Marc Pain, iliyotolewa mwaka 1990, aone jinsi mji unavyoweza kusomwa mtaa kwa mtaa, na ajiulize kwa nini Kambove haina ya kwake. Kisha afungue picha za setilaiti za Landsat, zilizoanza kupigwa mwaka 1972 na ambazo tangu 2008 zinatolewa bure kwa yeyote mwenye intaneti. Aweke ramani ya zamani na picha ya karibuni pamoja. Mashimo yaliyopanuka, msitu uliokatwa kwa ajili ya makaa, mitaa iliyosogelea machimbo: hayo ni maswali ya tasnifu nne au tano, na hajatumia hata faranga moja ya usafiri.

Nije kwenye namba, mahali penye hatari zaidi. Mwanafunzi atauliza Kambove ina watu wangapi, na simu yake itamjibu papo hapo, kwa namba yenye tarakimu zote mpaka ya mwisho. Lakini sensa ya mwisho ya nchi nzima ilifanyika mwaka 1984. Namba yoyote ya baada ya hapo ni makadirio, au ni hesabu ya utawala wa eneo, au ni hesabu ya mpango wa chanjo, au ni makadirio yaliyojengwa juu ya makadirio. Zipo zinazofaa na zipo zisizofaa, na kuzitofautisha hakuhitaji kipaji, kunahitaji kuuliza nani alihesabu, kwa njia gani, na ndani ya mipaka ipi, ya mji au ya teritori. Nimesoma kazi za wanafunzi ambamo wakazi wa teritori nzima wamewekwa ndani ya mji, na msongamano wa watu ukahesabiwa kwa desimali mbili. Msimamizi akatia saini.

Kuna chanzo kingine ambacho ningependa kila mwanafunzi mpya wa Katanga akiguse, na hiki ni cha Kiswahili. Mwaka 1965 André Yav aliandika, kwa niaba ya chama cha waliokuwa watumishi wa majumbani, historia ya mji wa Élisabethville kwa Kiswahili cha Lubumbashi, ikapigwa kwa mashine ya kurudufisha. Johannes Fabian aliichapisha kwa maelezo mwaka 1990, na maandishi yenyewe yamewekwa kwenye mtandao, bure, katika hifadhi ya Kiswahili cha watu wa kawaida aliyoiendesha na Vincent de Rooij. Humo mpishi na mfuaji nguo wanaueleza mji kwa macho yao, nani aliishi upande gani, Wazungu waliogopa nini, kazi ilikuwaje. Ni jiografia ya mji iliyoandikwa na watu waliokuwa wakiuhudumia. Mtoto wa Kambove anayeambiwa siku ya kwanza kwamba lugha anayozungumza nyumbani nayo imo maktabani atasimama tofauti mbele ya rafu nyingine zote. Ndivyo pia na kazi za Observatoire du Changement Urbain ya Lubumbashi, za Donatien Dibwe dia Mwembu na wenzake, waliowasikiliza wafanyakazi wa migodi na familia zao na kuandika maisha yao.

Wako watakaosema mambo haya ya katalogi na rafu yamepitwa, kila kitu kiko kwenye simu. Si kila kitu, na kilichopo hakijitokezi chenyewe. Majarida ya Kifaransa ya karne iliyopita, pamoja na Annales de Géographie, yamo kwenye tovuti ya Persée bila malipo. Géo-Eco-Trop, jarida la jiolojia, jiografia na ikolojia ya nchi za joto lililoanzia Lubumbashi miaka ya 1970, linasomeka bure. Mpango wa Research4Life unafungua maelfu ya majarida ya kulipia kwa nchi zenye kipato kidogo, na Kongo imo katika kundi lisilolipa chochote. Lakini anayeandikishwa ni taasisi, nenosiri hutunzwa maktabani, na mwanafunzi asiyemfahamu mkutubi wake hatajua kwamba mlango huo upo. Umeme ukikatika na vifurushi vikiisha, aliyejifunza kutafuta ameshapakua makala manne aliyoyahitaji. Mwingine alikuwa bado anapekua.

Na sasa imekuja akili unde, inayomwandikia kijana ukurasa mzima wa marejeleo kwa dakika moja: jina la mwandishi, mwaka, jarida, kurasa. Baadhi ya marejeleo hayo hayapo duniani. Mashine huyatunga yafanane na ya kweli. Kumkataza kijana kuitumia hakutafika mbali. Kinga ni ile ile: kila rejeleo lipelekwe kwenye katalogi, lishikwe, lifunguliwe. Lisilofunguka lisiandikwe. Mwanafunzi aliyezoea kushika chanzo mkononi tangu muhula wa kwanza hapati shida kutii sheria hiyo.

Thamani ya karatasi hizi wengine wanaijua vizuri sana. Sehemu kubwa ya kumbukumbu za kijiolojia za Kongo ya Wabelgiji iko Tervuren, Ubelgiji, katika Jumba la Makumbusho la Kifalme la Afrika ya Kati. Mwezi Julai 2025 kampuni ya Marekani KoBold Metals ilitia saini makubaliano na serikali ya Kongo, na miongoni mwa mambo yaliyomo ni kuziweka kumbukumbu hizo katika mfumo wa kidijitali. Kampuni inayotafuta madini kwa kompyuta imeona kwamba daftari la mwanajiolojia wa mwaka 1920 lina faida leo. Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wazee. Hapa mali ni yetu na daftari liko kwa mwingine. Naiomba serikali, katika mazungumzo yoyote kuhusu kumbukumbu hizo, idai nakala kamili kwa maktaba za vyuo vya Lubumbashi na Likasi, zifunguliwe kwa mwanafunzi kama zitakavyofunguliwa kwa mwekezaji. Naiomba Gécamines, yenye nyaraka za miongo mingi za kampuni iliyoitangulia, iweke utaratibu unaojulikana wa mwanafunzi kuingia na kusoma.

Lakini tusingoje Brussels wala Kinshasa. Ninalolipendekeza kwa idara za jiografia linawezekana mwaka huu. Saa mbili kwa wiki, muhula wa kwanza, ndani ya maktaba, mkutubi na mhadhiri wakifundisha pamoja. Kila mwanafunzi achague mahali anapotoka, awe wa Kambove, Kasenga au Mokambo, na mwisho wa muhula alete orodha ya maandishi ishirini kuhusu mahali hapo, kila moja likiwa na sentensi mbili: linasema nini, na amelishika wapi. Angalau matano yatoke nje ya rafu ya jiografia, mojawapo liwe ramani, na mojawapo liwe la kabla ya 1960. Orodha hizo zisitupwe baada ya kupewa alama. Zikusanywe kwa jina la mahali, ziwekwe maktabani na nakala ipelekwe shule za sekondari za huko, na mwanafunzi wa Kambove wa mwaka utakaofuata akabidhiwe ile ya mwenzake aiendeleze kuanzia namba 21.